Shajara ya mradi: jasho la vioo nyumbani kwa Mama mkubwa

Jumapili, 8 Juni 2025

Mama mkubwa kanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. "Mwanangu, hayo madirisha yako yanavuja." Nikamjibu naja. Njia nzima hadi Mjimwema, hapa Njombe, nilikuwa najiuliza yanavuja kitu gani, maana mvua imeshakatika na usiku wa jana mbingu ilikuwa nyota tupu.

Maji nimeyakuta kweli. Dirisha la chumbani kwake, upana mita 1.5 na kimo mita 1.2, lilikuwa limelowa kioo kizima. Juu kulikuwa na ukungu mweupe ulioshikana, katikati matone yameanza kunenepa, na kila tone lililochoka kujishikilia lilikuwa linateremka likiyakokota mengine na kuacha nyuma yake mstari safi kama njia ya konokono. Chini kwenye reli maji yamejaa. Kutoka hapo yameshuka kwenye plasta, na plasta imeshabadilika rangi shibiri nzima.

Nimepitisha kidole. Maji yako upande wa ndani. Upande wa nje kioo kikavu kabisa.

Haya madirisha ni kazi yangu. Mwezi wa tano nilitoa madirisha sita ya zamani ya mbao yenye luva za vioo, nikaweka aluminiamu ya kuslaidi, kioo cha milimita 5, raba mpya, brashi mpya, silikoni pande zote. Nilijivunia jinsi yanavyofunga. Mama mkubwa mwenyewe alisema sasa hasikii upepo tena. Mwezi mmoja tu umepita na tayari ananiita.

Naanza shajara hii leo. Nataka kujua maji haya yanatoka wapi, yanasema nini kuhusu nyumba, na yataondokaje bila kumtia mama wa watu gharama ya umeme asioweza kuilipa.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimemaliza suala la kuvuja. Nimemwaga ndoo tatu za maji kwa nje, juu ya fremu, pembeni, kwenye kona za chini. Hakuna tone lililoingia. Matundu ya kutolea maji kwenye reli ya chini yapo na yako wazi. Fundi asiyetoboa yale matundu, au anayeyaziba kwa silikoni, anaifanya reli iwe bakuli. Haya yangu yanatoa maji, ila yanazidiwa kwa sababu kioo kinateremsha mengi kwa mkupuo asubuhi.

Kuhusu plasta iliyolowa chini ya dirisha, nimebandika kipande cha nailoni, sentimita 30 kwa 30, nikakizungushia selotepu pana pande zote nne hewa isipite. Jaribio hili nililifundishwa na fundi mkuu wangu zamani. Maji yakitokea nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani: msingi unanyonya, au bomba limepasuka. Yakitokea mbele ya nailoni, upande wa chumba, basi yanatoka kwenye hewa ya chumba chenyewe. Nimemwomba Mama mkubwa asiiguse kwa siku mbili.

Ijumaa, 13 Juni

Nyuma ya nailoni pakavu. Mbele kuna vitone vidogo. Ukuta hauna kosa, wala bomba.

Nimepata vifaa. Kipima joto na unyevu kidogo cha betri, ukubwa wa kiberiti, nimenunua. Mizani ya jikoni ya dijitali nimeazima kwa jirani anayeoka keki. Kipimajoto cha bunduki nimepewa na rafiki yangu anayetengeneza majokofu, naye akanionya kwamba hakisomi vizuri chuma kinachong'aa, kwa hiyo kwenye fremu nimebandika kipande cha selotepu nyeusi ili nipime hapo.

Njia ya kupima maji nimeifikiria usiku: kitambaa kikavu kinapimwa, kinafuta dirisha lote pamoja na reli, kinapimwa tena. Tofauti ya gramu ndiyo maji.

Jumamosi, 14 Juni

Nililala kwa Mama mkubwa, sebuleni. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nje nyuzi 7. Chumbani kwake, analala yeye na wajukuu wawili, nyuzi 16, unyevu asilimia 84. Kioo kwa ndani kimesoma nyuzi 10. Fremu nyuzi 9, na ndiyo iliyoanza kulowa, kwa sababu aluminiamu hupitisha baridi kuliko mbao za zamani.

Kitambaa: gramu 210 kutoka dirisha moja. Karibu bilauri nzima ya chai.

Nimekaa jikoni na kalamu hadi chai ikapoa. Jambo lenyewe ni hili. Hewa hubeba maji bila sisi kuyaona, na kiasi inachoweza kubeba kinategemea joto. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 inabeba hadi gramu 17 na kidogo. Ya nyuzi 16 inabeba gramu 13.6. Ya nyuzi 10 inabeba gramu 9.4 tu. Hewa ya chumbani alfajiri ile, yenye nyuzi 16 na asilimia 84 ya kile inachoweza kubeba, ilikuwa imebeba gramu 11.4 kwa kila mita ya ujazo. Ikigusa kioo cha nyuzi 10 inalazimika kutua kile kisichobebeka, kama mtu mwenye gunia anayefika kwenye mlango mwembamba. Inakitua palepale kwenye kioo. Umande wa majani unatengenezwa hivyohivyo, tofauti ni kwamba huu uko ndani ya nyumba.

Kwa hiyo kioo hakina kosa, na wala si kibovu. Ni sehemu ya baridi kuliko zote chumbani, basi maji yanaonekana hapo kwanza. Kinatupa habari za hewa.

Kisha nikapima chumba: mita 3 kwa 3.6, dari mita 2.8. Mita za ujazo 30. Hewa yote ya chumba hicho, ikijaa kabisa kwa nyuzi 16, inabeba gramu 408, hata nusu lita haifiki. Na mtu mmoja aliyelala hutoa maji kwa pumzi na ngozi takriban gramu 40 kwa saa. Watu watatu, saa tisa za usiku wa kipupwe, hata ukipunguza kwa kuwa wawili ni watoto, unakaribia lita moja. Chumba kinachobeba chini ya nusu lita kinamiminiwa lita moja kila usiku. Yanayozidi yatoke nje au yatue ndani, hakuna njia ya tatu.

Zamani yalitoka. Zile luva zilikuwa zinapitisha upepo hata zikifungwa. Na juu ya kila dirisha Baba mkubwa, Mungu amrehemu, aliacha matundu mawili ya hewa alipojenga, kama nyumba zote za wakati ule. Mwezi wa tano Mama mkubwa aliniambia niyazibe kwa sababu yanaingiza baridi na mende. Nikayaziba yote kumi na mawili kwa saruji, nikapiga plasta juu, nikapaka rangi. Yeye aliomba, lakini fundi nilikuwa mimi, na fundi ndiye anayepaswa kujua tundu lile liliwekwa kwa kazi gani.

Jumanne, 17 Juni

Nimefuatilia maji yanakotoka mbali na pumzi.

Plasta mpya niliyopiga kuzunguka madirisha bado inatoa unyevu wake. Saruji hukauka polepole, na katika baridi hii inachukua wiki nyingi. Hiyo itaisha yenyewe.

Nguo. Kwa kuwa jua la Juni hapa halitabiriki, sare za watoto zinafuliwa jioni na kutundikwa kwenye kamba ndani, koridoni. Nimepima sare mbili, sweta mbili, na shuka moja zikiwa zimekamuliwa kwa mkono, kisha asubuhi zilipokauka. Tofauti: kilo 1.9. Karibu lita mbili za maji zimeingia kwenye hewa ya nyumba usiku mmoja. Mama mkubwa alishika mdomo nilipomwonyesha mizani.

Gesi. Hili hata mimi lilinishangaza. Gesi ya mtungi ikiungua hutoa maji, kwa sababu ndani yake kuna haidrojeni inayoshikana na oksijeni ya hewa. Kila kilo ya gesi inatoa kama kilo moja na nusu ya mvuke na zaidi kidogo. Mtungi wa kilo 6 ukiisha, umeshaachia jikoni zaidi ya lita 9 za maji, mbali na mvuke wa sufuria yenyewe. Mtungi wake unakaa kama wiki nne, kwa hiyo ni theluthi moja ya lita kila siku. Hatuyaoni kwa sababu yanatoka yakiwa mvuke.

Sisemi gesi ni mbaya. Inamwokoa na moshi wa kuni ambao umemharibu macho. Ila jikoni dirisha liwe wazi wakati wa kupika, na mlango wa koridoni ufungwe.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya ibada nimesogeza kabati la nguo chumbani kwa Mama mkubwa. Lilikuwa limegusa ukuta wa nje, upande wa kusini usiopigwa na jua. Nyuma yake ukuta mweusi, madoa ya duara duara yaliyoungana, mengine ya kijani. Koti lake la kanisani lina harufu ya godauni. Godoro la wajukuu, ambalo linalala sakafuni juu ya mkeka, nimeligeuza: upande wa chini kuna madoa yaleyale, na mkeka umelowa.

Lugha yetu ina neno moja, ukungu. Ukungu wa asubuhi kwenye mashamba ya chai, ukungu wa kwenye kioo, na ukungu huu mweusi wa ukutani. Nimelifikiria sana leo, kwa sababu hapa chumbani kweli ni kitu kimoja kilichofuatana. Wa kioo unaonekana kwanza, unafutwa kwa kitambaa, watu wanasahau. Wa ukutani unakuja baadaye pale ambapo hakuna anayefuta. Hauhitaji hata matone: ukuta wa baridi ambao hewa inayougusa ina unyevu wa asilimia 80 na zaidi, siku nyingi mfululizo, unatosha kuuotesha. Nyuma ya kabati hewa haitembei na ukuta haupati joto la chumba, basi hapo ndipo unapoanzia.

Mjukuu mdogo anakohoa usiku tangu mwanzo wa mwezi. Mama mkubwa anasema ni baridi. Inawezekana, mimi si daktari, na nimemwambia ampeleke zahanati. Lakini Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, na lilisema wazi kwamba wanaoishi humo hupata zaidi matatizo ya kupumua na pumu. Siwezi kulitazama godoro lile nikasema ni baridi tu.

Tumefuta ukuta kwa maji ya sabuni, kisha dawa ya klorini ya kuondoa madoa ya nguo, iliyopunguzwa kwa maji, madirisha wazi, watoto wako nje. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na ile ya kusafishia choo, inatoa gesi yenye sumu. Godoro tumeliweka juani.

Jumamosi, 28 Juni

Nimeongea na dada yangu aliyeko Leicester, Uingereza. Yeye anaishi na jambo hili miezi sita ya mwaka. Nilitaka kujua wenzetu wanafanyaje, maana madirisha yao yana vioo viwili vyenye nafasi katikati.

Ameniambia kwao mtu anauliza kwanza maji yako wapi. Yakiwa kwenye kioo upande wa chumbani, ni hewa ya ndani, kama kwetu. Yakiwa katikati ya vioo viwili, mahali ambapo huwezi kufuta, basi gundi ya ukingoni imekufa, hewa ya nje imeingia, na zile punje za kunyonya unyevu zilizo ndani ya ukingo zimeshiba. Hakuna dawa ila kubadilisha kioo. Na yakiwa kwa nje asubuhi, wakati wa vuli hasa, ni dalili njema: kioo kinazuia joto la nyumba vizuri kiasi kwamba uso wake wa nje umepoa kuliko hewa na kushika umande.

Kisha akanisimulia habari ya mtoto Awaab Ishak wa mji wa Rochdale. Alikuwa na miaka miwili alipofariki Desemba 2020. Uchunguzi wa chanzo cha kifo ulipohitimishwa Novemba 2022 ulieleza kwamba ukungu wa kwenye nyumba waliyopangishwa ndio uliomharibu kupumua. Wazazi walikuwa wamelalamika na kulalamika, wakaambiwa wapake rangi. Mwaka 2023 Bunge la Uingereza likapitisha kipengele cha sheria kinachoitwa kwa jina lake, cha kuwabana wenye nyumba za umma washughulikie unyevu ndani ya muda uliowekwa.

Sikulala mapema. Nilikuwa namsikia mjukuu wa Mama mkubwa akikohoa ingawa nilikuwa nyumbani kwangu.

Alhamisi, 3 Julai

Nimeandika ukurasa huu mkono ukiwa hautulii.

Jioni Mama mkubwa alinipigia kwa furaha: "Njoo uone, dawa nimeipata. Kioo kikavu!" Nikaenda, saa tatu usiku. Kioo kweli kilikuwa kikavu. Kipimo kimesoma nyuzi 23, unyevu asilimia 48. Namba nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika humu. Na chini ya dirisha, juu ya sinia la bati, lilikuwepo jiko la mkaa lililojaa makaa mekundu. Mlango umefungwa na chini umewekwa kanga iliyokunjwa ili joto lisitoke. Watoto walikuwa tayari wamelala. Yeye alikuwa amekaa kitandani ameshika kipaji cha uso. "Kichwa tu kinaniuma kidogo."

Nimefungua dirisha lote, nimefungua mlango, nimewatoa watoto sebuleni mmoja mmoja nikiwaamsha na kuwasemesha, kisha jiko nikalitoa uani. Wamezinduka vizuri. Mkubwa alisema alisikia kichefuchefu. Tumekaa nje kwenye baridi tumejifunika mablanketi zaidi ya saa nzima hadi kichwa cha Mama mkubwa kikaacha kuuma. Nilitaka tuende hospitali, akakataa. Nimelala hapohapo sebuleni, kila baada ya muda naamka kuwasikiliza.

Mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha unatoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiumi macho kama moshi wa kuni, kwa hiyo mtu hakimbii. Inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, na mtu anaanza na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Wengi usingizi huo hawatoki. Huku kwetu nyanda za juu kila kipupwe tunazika watu kwa jiko la mkaa lililolala chumbani.

Na kosa la kufikiri nimelitia mimi. Wiki tatu nimekuwa nikimwonyesha Mama mkubwa kioo na kumwambia kioo kikilowa hewa ni mbaya. Yeye akachukua upande wa pili: kioo kikikauka hewa ni nzuri. Sikumwambia kwamba kioo kinajua maji peke yake. Mkaa karibu wote ni kaboni, unatoa mvuke mchache sana na joto jingi, basi unakikausha kioo wakati unaiua hewa. Ile sumu haiachi hata doa kwenye dirisha. Hata kipimo changu cha betri kilisema mambo safi.

Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi na kuibandika kwenye mlango wa chumba: JIKO LA MKAA LISIINGIE HUMU, HATA KAMA LIMEKUWA JIVU. Makaa yanayoelekea kuzimika, yale yasiyo na mwali ambayo watu huyaona salama, yanaendelea kuitoa.

Jumatatu, 7 Julai, Saba Saba

Sikukuu, nimeitumia kuzibua matundu.

Saruji niliyoiweka mwezi wa tano nimeitoa kwa patasi na nyundo, tundu moja moja, yote kumi na mawili. Plasta ya ndani imechanika sehemu tatu, nimeziba vizuri. Kwenye kila tundu nimeweka wavu laini wa mbu kwa ndani kwa ajili ya mende, na kwa nje kipande cha aluminiamu kilichokunjwa kama kofia, ili upepo wa moja kwa moja usipige kitandani na mvua ya masika isiingie. Upande wa ndani nimeweka kizuizi kidogo cha mbao kilichoinama, hewa ya baridi inapoingia inaelekezwa juu kwenye dari kwanza, ichanganyike na joto kabla ya kumfikia mtu.

Mlango wa chumba nimeupunguza chini kwa randa, upana wa kidole kimoja, ili hewa iingie upande mmoja na kutoka upande mwingine. Tundu peke yake bila njia ya pili halifanyi kazi sana.

Mama mkubwa ameniangalia kazi nzima bila kusema. Mwishoni: "Kumbe mzee alikuwa anajua." Nikamjibu ndiyo, alijua.

Jumamosi, 12 Julai

Vipimo vya asubuhi tano mfululizo. Nje kati ya nyuzi 6 na 8. Chumbani sasa nyuzi 15, pungufu ya nyuzi moja. Unyevu umeshuka hadi asilimia 72, mara moja 75. Maji ya dirisha: gramu 45, 30, 38, 30, 28. Kutoka 210.

Hayajaisha. Kwenye kona za chini bado kuna mstari wa matone, na hesabu inasema hivyohivyo: hewa ya nyuzi 15 kwa asilimia 72 imebeba gramu 9.2, na kioo cha nyuzi 9 na kitu kinaishia karibu hapohapo. Dirisha la kioo kimoja katika baridi ya Njombe litalowa kidogo asubuhi za baridi kali. Hilo nimelikubali. Kinachofutwa kwa kitambaa mara moja na kukauka saa tatu asubuhi hakiotesi kitu.

Tumebishana kuhusu kufungua madirisha. Jumatano kulikuwa na ukungu mzito, nyumba ya jirani haionekani. Nilipofungua dirisha Mama mkubwa akanizuia: "Utaingiza huo unyevu wote ndani!" Ndivyo sote tunavyoamini, na macho yanakubali. Lakini hewa ile ya ukungu ilikuwa na nyuzi 8, na hewa ya nyuzi 8 hata ikishiba kabisa imebeba mvuke wa gramu 8.3 tu. Ikiingia ndani na kupata joto la nyuzi 16, inakuwa na unyevu wa asilimia 61. Ni kavu kuliko hewa tuliyoipumua usiku kucha. Nikamwambia asiniamini mimi, atazame kipimo. Tumefungua madirisha mawili yanayoelekeana kwa dakika kumi. Kilishuka kutoka 74 hadi 63 huku ukungu ukipita dirishani. Baada ya kufunga, kuta na vitu vya ndani vilirudisha joto haraka, kwa sababu dakika kumi hazitoshi kupoza tofali.

Tangu siku hiyo anafungua mwenyewe watoto wakienda shule. Kipimo amekihamishia juu ya meza yake karibu na Biblia.

Jumamosi, 26 Julai

Mambo madogo. Kabati limesimama kiganja kimoja kutoka ukutani. Godoro la watoto limepata kitanda cha chaga, nimekiunga kwa mbao za paini zilizobaki karakana. Nguo zinaanikwa kwenye kibaraza cha nyuma chenye bati, zinachukua siku mbili kukauka lakini zinakaukia nje. Badala ya jiko, usiku kuna chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kanga, moja kwa kila mtu, na blanketi la ziada. Kikohozi cha mdogo kimepungua. Zahanati walimpa dawa pia, kwa hiyo sidai kwamba ni matundu.

Ukuta wa nyuma ya kabati haujaota tena. Nauangalia kila wiki kwa tochi.

Nimerudi kwa wateja wawili niliowafungia madirisha ya namna hii mwaka jana. Mmoja anaanika kitambaa kwenye reli kila asubuhi na alidhani ndivyo aluminiamu ilivyo. Mwingine dari ya jipsamu imeanza madoa konani, na matundu yake yamefunikwa na mkanda wa jipsamu kwa ndani, huwezi hata kujua yapo. Nimewaomba radhi wote wawili. Nitazibua bila malipo.

Jumamosi, 9 Agosti

Baridi imeanza kulegea. Nje nyuzi 11 alfajiri, chumbani 17, unyevu asilimia 68. Kitambaa: gramu 6, na sina hakika kama si jasho la mkono wangu.

Karakana nimebadilisha mchoro. Kila dirisha la chumba cha kulala ninalotengeneza sasa lina kipande cha juu cha sentimita 12 chenye matundu yanayofunguka na kufungwa kwa kitelezi, na wavu nyuma yake. Kinaongeza nusu siku ya kazi. Mteja akisema hakitaki, namwonyesha picha ya ukuta wa nyuma ya kabati, kisha namuuliza wanalala wangapi.

Mizani nimeirudisha kwa jirani. Kipimo kidogo cha betri Mama mkubwa amekataa kunirudishia.